Tazama Sehemu ya 7.4

"Kwani dada, rejeo moja likikosewa kuna mtu anakufa?"

Aliyeuliza ni kijana wetu mpya, Jumanne jioni, wakati Sphinx, programu inayotutengenezea vitabu vya maelekezo, imemgomea tena kutoa nakala ya mwongozo wetu wa mfumo wa stoo za dawa, kwa sababu lebo moja aliyoitaja, yaani jina tunalobandika kwenye sehemu ili sentensi nyingine ziielekeze, haipo katika faili lolote. Mimi ndiye niliyewasha ile amri ya -W inayogeuza kila onyo kuwa kosa, kwa hiyo manung'uniko huja kwangu. Nilimwambia airekebishe, akarekebisha, kila mtu akashika njia yake. Lakini swali nimelala nalo, na aliyenijia usiku kucha ni Mama Stoo, mtunza stoo ya dawa wa hospitali.

Ilikuwa kabla ya treni ya umeme. Nilipanda basi alfajiri, nikala chipsi baridi Gairo, nikafika mkoani Dodoma jua limeshakuwa kali. Ofisini kwetu Dar kulikuwa na simu mfululizo kutoka vituo kadhaa vya afya: hesabu za mwezi zimefungwa huku idadi za dawa si sahihi, tunaomba mtufungulie. Kufungua mwezi uliofungwa kuliwezekana makao makuu tu, na kwa barua. Kikao kikaamua kwamba watumiaji hawakuelewa mafunzo. Nikapewa bahasha ya karatasi za mafunzo ya marudio, nikaambiwa nianze na hospitali moja ya wilaya iliyokuwa imepiga simu mara nyingi zaidi. Jina lake naliacha.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja juu karibu na dari. Katoni za dripu zilipangwa juu ya chaga zisiguse sakafu, glovu upande wa pili, na kila rafu ilikuwa na kadi yake inaning'inia kwa uzi, imejazwa kwa mwandiko uliolala upande mmoja, namba hazikugusa mstari. Nilizisoma kadhaa nikiwa nasubiri. Sikuona hata moja iliyofutwafutwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari. Wewe ndiye wa kompyuta?"

Nikasema mimi ni wa mwongozo. Akatabasamu, akafungua droo, akautoa. Alikuwa ameuvalisha gazeti kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza, na pembeni mwa kurasa ameweka vipande vya karatasi vyenye majina ya kazi: Kupokea, Kutoa, Kuhesabu. Katika kazi hii nimeona miongozo mingi iliyoegemezea milango au kubeba vikombe vya chai. Wa Mama Stoo ulikuwa umesomwa.

Nilimwomba anionyeshe alichofanya siku ile, hatua kwa hatua, lakini kwenye programu ya mazoezi, ambako hakuna kinachoharibika. Akavaa miwani. Akachukua rula.

Alianza na pale kosa lilipotokea. Mzigo ulikuwa umefika kutoka Bohari ya Dawa, makopo 10 ya amoksilini, na yeye kidole kikaongeza sifuri, kikawa 100. Aliliona papo hapo. Akafungua mwongozo kwenye sura ya kupokea mzigo, akaweka rula chini ya mstari, akanisomea kwa sauti: "Kama umeingiza idadi isiyo sahihi, tazama sehemu ya 7.4."

Akalowesha kidole, akafunua kurasa hadi 7.4. Rula ikashuka chini ya mstari wa kwanza.

"Moja. Fungua menyu ya Taarifa." Akafungua.

"Mbili. Chagua mwezi husika." Akachagua, akaniangalia kidogo nihakikishe kwamba ni ule.

"Tatu. Hakikisha idadi zote kwenye jedwali zinaonekana." Zilionekana, na ile 100 ikiwemo.

"Nne. Bonyeza Funga."

Kidole chake kikabaki juu ya kipanya. Kwenye kioo kikatokea kisanduku kinachouliza kama ana uhakika. Hapo alinyamaza, rula bado imekaza chini ya mstari wa nne, na nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu linalolia. Mimi nilikuwa nimeshainama juu ya bega lake kusoma kichwa cha sehemu ile. Kilisomeka vizuri kabisa kwa herufi nzito: Kufunga Hesabu za Mwezi.

"Mama, hiki kichwa ulikiona siku ile?"

"Nilikiona."

"Hakikukushtua?"

Alivua miwani akaiweka juu ya gazeti la mwongozo. "Nilijiuliza, mwanangu. Nikasema labda ndivyo inavyorekebishwa. Unafunga, halafu yenyewe inajirekebisha. Waliotunga wanajua." Kisha akashusha sauti kwa sababu kijana wa dirisha la dawa alikuwa amepita mlangoni. "Nadhani ni mimi sikusoma vizuri. Usiniandike vibaya huko Dar."

Nilizitoa zile karatasi za mafunzo ya marudio kwenye begi, nikazitazama, nikazirudisha.

Mengine yalikuja haraka. Nilipiga simu ofisini, nikaomba nitumiwe nakala ya toleo lililotangulia, nikazilinganisha orodha za yaliyomo mezani pake. Kabla sijaajiriwa, mtu alikuwa ameingiza sura mpya kuhusu akaunti za watumiaji, ikawa ya 3. Kila kilichokuwa nyuma yake kikasogea hatua moja. Kurekebisha idadi kulikokuwa 7.4 kukawa 8.4. Kufunga mwezi kulikokuwa 6.4 kukachukua kiti cha 7.4. Orodha ya yaliyomo ilijisahihisha yenyewe, kwa sababu Word inajua vichwa vyake. Ila sentensi ile ya sura ya kupokea mzigo ilikuwa imechapwa kwa mkono, saba nukta nne, kama neno jingine lolote. Hakuna programu iliyojua kwamba namba ile inaelekeza mahali. Mama Stoo alifuata maandishi yetu herufi kwa herufi, akafika yalikompeleka.

Na matokeo? Hapana, hakuna aliyekufa ninayemjua. Mfumo uliona amoksilini imejaa, ukapunguza kiasi cha kuagiza awamu iliyofuata, ikabidi Mama Stoo aandike barua, mganga mkuu asaini, makao makuu wafungue mwezi, na yeye ahesabu upya stoo nzima mbele ya mashahidi. Mwanamke aliyejaza kadi kwa miaka bila kufuta, akahesabishwa vidonge mbele ya watu. Hilo ndilo ninalolibeba, na sijui kama ningeweza kumweleza kijana wetu Jumanne ile akalielewa kwa uzito ninaouhisi.

Niliporudi tuliuhamisha mwongozo wote kutoka Word kwenda Sphinx. Kazi kubwa haikuwa kuhamisha, ilikuwa kuwinda. Tulitafuta kila penye neno "sehemu ya" likifuatiwa na tarakimu, kisha "sura ya", kisha "ukurasa wa", kisha zile za hatari zaidi: "hapo juu", "iliyotangulia", "kama tulivyoona". Kila moja ikapewa lebo. Niliweka sharti moja ambalo bado nalishikilia: lebo itaje kazi, isitaje mahali. Inaitwa kurekebisha-idadi, haiitwi sehemu-7-4. Kazi ya kurekebisha idadi itabaki hata sura zikipinduliwa chini juu, na Sphinx yenyewe ndiyo inayoandika mahali ilipo leo. Zana hiyo Georg Brandl aliitoa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, na tabia yake ninayoipenda ni kutonyamaza: ukitaja lebo ambayo haipo, inakuambia faili gani, mstari wa ngapi.

Wazee wa LaTeX, programu ya kupanga maandishi ya kuchapwa, wanaijua tabia hii tangu miaka ya 1980, Leslie Lamport alipoianzisha. Inapitia maandishi mara mbili. Safari ya kwanza inakusanya lebo na namba zake katika faili la pembeni, safari ya pili inazisoma na kuzipachika panapostahili. Isipoiona lebo inachapa alama mbili za kuuliza, ??, katikati ya sentensi yako nzuri. Wengi wanaziona kama uchafu. Mimi nikiziona moyo unatulia, kwa sababu msomaji akikutana nazo anajua kwamba hapa pana pengo, anainua simu na kuuliza. Rejeo lililokatika halimpeleki mtu popote. Lililomponza Mama Stoo lilikuwa zima kabisa. Sehemu ya 7.4 ilikuwepo, ina kichwa, ina hatua nne zilizonyooka.

Hapo ndipo zana zote zinapoishia. Lebo inaweza kuwa hai na bado ikawa imekaa juu ya kichwa kisicho chake, mtu amekata aya akaibandika kwingine na lebo ikabaki nyuma. Sphinx haitasema neno. Viungo vya nje, vinavyopeleka kwenye kurasa za mtandao, navyo hivyohivyo: ukaguzi wa viungo unajua kama ukurasa unafunguka, haujui kama bado unasema kile tulichomwahidi msomaji.

Kwa hiyo tuna mambo mawili tunayoyafanya kwa mikono. La kwanza, kila rejeo linachapwa pamoja na kichwa cha linakoelekea na ukurasa wake, hata sentensi ikirefuka. Mhariri wetu mmoja aliwahi kulalamika kwamba inachosha macho. Inachosha, nakubali. Lakini msomaji aliyeambiwa "Kurekebisha Idadi Iliyoingizwa" kisha akatua kwenye "Kufunga Hesabu za Mwezi" ana sababu ya kusimama iliyo mikononi mwake, hahitaji kuwa na ujasiri wa kuwashuku waliotunga. Namba tupu haimpi sababu hiyo. La pili, kabla ya kila toleo watu wawili wanakaa pamoja: mmoja anasoma sentensi yenye rejeo, mwingine anafungua linakoelekea na kusoma kichwa na hatua ya kwanza kwa sauti. Ni kazi ya polepole, na kila mwaka kuna anayetaka tuiache. Mimi huwa naomba niwe yule anayefungua.

Kuna upande mmoja ambao bado unanikosesha raha. Rejeo lililomo ndani ya mafaili yetu naweza kulitafuta. Je, yaliyoko nje? Siku ile stoo, ukutani juu ya swichi, palikuwa na karatasi imebandikwa kwa selotepu: "Ukikosea fanya 8.2". Ilitoka kwenye mafunzo fulani. Mwenzake wa kituo cha jirani alikuwa na orodha ya namba kwenye WhatsApp, akiwasambazia wengine. Mwongozo ukishatoka mkononi mwako, watu wanaanza kuuelekezea vidole kutoka mahali usipopaona, na kila ukisogeza sura unawasogezea sakafu.

Wanasheria walilielewa hili zamani. Ukifungua Katiba yetu ya 1977 utakuta Ibara ya 107A na 107B. Zilipoongezwa mwaka 2000 hawakuisukuma 108 iwe 110, kwa sababu hukumu, sheria na vitabu vilishaitaja 108 kwa namba yake. Wanaoandika viwango vya intaneti nao wanafanya hivyohivyo. Hati zao huitwa RFC, kila moja na namba yake. RFC 2616 ya mwaka 1999, iliyoeleza HTTP, lugha ambayo vivinjari huombea kurasa za mtandao, ilirithiwa na nyingine mwaka 2014, nazo zikarithiwa mwaka 2022, na 2616 bado ipo mahali pake, imeandikwa juu kwamba imepitwa na ipi imeirithi. Namba yake haitapewa hati nyingine.

Nimelipeleka wazo hilo ofisini mara nyingi: namba ikishatolewa isitumike kwa jambo jingine, sura mpya iende mwisho au ipewe herufi. Wanaopinga si wajinga. Wanasema mwongozo si sheria, unatakiwa ufuate mpangilio wa kazi ya siku, na mtumiaji mpya akikuta 3A halafu 3B halafu sehemu tupu iliyoandikwa "imehamishwa", atapotea kabla hajaanza. Nimewahi kukaa na mtumiaji mpya, na kweli alipotea. Kwa hiyo sina jibu linalowatosha wote wawili, yule anayeufungua leo kwa mara ya kwanza na yule ambaye kurasa zake zimeshawekewa vipande vya karatasi.

Toleo lijalo lina sura ya kusoma bakodi kwa simu. Waliotengeneza wanataka iwe ya 4, kabla ya kupokea mzigo, na kwa mpangilio wa kazi hapo ndipo pake. Kikao ni Alhamisi. Nimeandika kuomba aalikwe mtu mmoja wa stoo, yeyote, kutoka wilaya yoyote, aje na nakala yake ya mwongozo anayoitumia kila siku. Nauli nimesema itoke kwenye bajeti yetu ya uchapaji. Bado sijajibiwa.