Alama ya reli kwenye JavaScript

Leo kazini nimebadilisha klasi (kiolezo cha kuundia objekti, yaani vifurushi vya data) ya akaunti za wateja.
Palipokuwa na _salio, sasa pana #salio: reli mwanzoni mwa jina hulifanya siri ya klasi.

Ile _ ya zamani ilikuwa ombi tu: tafadhali usiguse. Aliyetaka aligusa.

Mwenzangu akajaribu kulisoma #salio akiwa nje ya klasi.
Programu ikagoma hata kuanza!
Nimefurahi mno, jamani.

Klasi tulizipata 2015, sehemu hizi za siri zikaingia rasmi 2022. Wengi waliichukia #, wakataka neno private (“ya siri”) kama la lugha ya Java. Mimi naitetea: hata mtu akibandika salio lake kwenye objekti hiyohiyo, la ndani haliguswi, na tovuti za zamani hazivunjiki.

Nyie wa TypeScript (JavaScript iliyoongezewa aina za data), bado mnaandika private au mmehamia kwenye #?