Ibara ya ngapi?

Juni 2023 kila aliyenifahamu aliamini kwamba mimi nazijua habari za bandari. Nafanya kazi kwa wakala wa forodha, ofisi ndogo upande wa Sokoine Drive, na siku yangu nzima inaishia kukimbizana na makaratasi ya makontena. Basi Bunge lilipouridhia ule mkataba wa bandari wa Tanzania na Dubai, tarehe 10 Juni, simu yangu haikupumua. Shemeji kapiga, fundi aliyenijengea choo kapiga, hata watu niliosahau kama wana namba yangu. Swali moja: "Wewe uko hukohuko. Wameuza?"

Sikuwa nimesoma hata mstari mmoja. Nilichokuwa nacho ni ujumbe wa sauti wa dakika nne, jamaa anafoka kwamba bandari imekwenda kwa miaka 100. Nikausambaza kote: kundi la ukoo, kundi la kijiweni, kundi la tuliosoma wote. Nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Jumapili nikaenda Temeke kumsalimia baba mdogo. Nilimkuta barazani, redio mapajani, kikombe cha chai kimefunikwa na sahani. Shikamoo, marahaba, za Mbagala, nzuri. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Nimeisikia ile sauti uliyotuma. Miaka mia. Ibara ya ngapi?"

"Ibara gani, baba?"

"Ya huo mkataba. Karatasi haisemi hivihivi tu. Karatasi ina ibara."

Hapo lazima nimweleze mzee huyu. Aliingia kiwandani Chang'ombe akiwa kijana wa miaka ishirini, mwaka 1971, mwaka uleule TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ilipotoa Mwongozo, waraka wake wa siasa. Ibara ya 15 ya Mwongozo ilimkataza kiongozi majivuno, makuu, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani waliihifadhi kama Alhamdu. Kati ya 1971 na 1973 walisimamisha kazi kiwanda baada ya kiwanda, na meneja akiuliza kulikoni anatajiwa namba tu: kumi na tano. Baba mdogo ana hadithi moja ambayo ukoo mzima tunaijua, ya siku walipofunga geti meneja akiwa nje na chakula chake kwenye kikapu. Kila akiimaliza husema, "Ibara ilituruhusu." Mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa ujumbe wa sauti.

Jumatatu nilisubiri bosi aondoke, nikauchapa mkataba kwa mashine ya ofisi. Kiingereza cha wanasheria, sentensi moja inaanza juu ya ukurasa na kuishia chini. Ilinichukua jioni tatu na kamusi. Ibara ya muda ni ya 23, na ndani yake hakuna 100. Hakuna 30 wala 50. Hakuna namba ya miaka kabisa. Mkataba unaendelea mpaka shughuli zinazotokana nao zikome. Nikakaa nimeshika kalamu. Mimi nilikuwa nimesema uongo, sawa. Lakini waliokuwa wakituita waongo kwenye runinga nao hawakutuambia kwamba muda wenyewe haukuandikwa, na kwa maoni yangu hilo ndilo lilikuwa jambo la kujadiliwa nchi nzima. Miaka 30 niliisikia Oktoba ile, tarehe 22, iliposainiwa mikataba ya utekelezaji pale Chamwino, gati namba 4 hadi 7.

Nikaandika marekebisho kwenye makundi yote. Majibu mawili tu. Mmoja akaniuliza nimelipwa shilingi ngapi. Mwingine akaweka kidole gumba.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta watu wa kunichambulia mambo kwa jicho la wavujajasho, maana jicho la wafanyabiashara linapatikana kila kona bila kutafutwa. Nilianza vibaya. Nilidhani mtu wa mrengo wa kushoto ni yeyote anayeitukana serikali kwa sauti kubwa. Nikafuata akaunti kama sitini. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na hasira kutwa nzima na sijui lolote jipya. Chawa wa upande huu wanasifu, wa upande ule wanaponda, na wote mjadala wao ni nani akae kwenye kiti. Nani analipia hicho kiti, mshahara wa mpakia mizigo umetoka wapi ukafika wapi, ardhi ya mfugaji inageuka vipi kuwa mali ya kampuni, hayo hayana watazamaji.

Nikakimbilia nje. Vijana wa mjini wakanielekeza kwenye vyombo vya mrengo huo vya Marekani, nami nikawa msikilizaji mzuri wa Democracy Now! ndani ya daladala ya Rangi Tatu, masikio yamezibwa, kondakta ananigonga bega nilipe nauli. Si kwamba nilipoteza muda. Kusikia mgomo unaelezwa na mgomaji mwenyewe badala ya msemaji wa kampuni kulinifungua macho. Ila siku moja Novemba 2023 kijiweni mtu akauliza kuhusu Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, ambao Bunge letu lilikuwa limetoka kuupitisha. Nikajikuta naweza kueleza Bernie Sanders, seneta wa Vermont, anataka nini kwenye bima ya Wamarekani, kifungu kwa kifungu. Wa kwetu sikuujua. Muuza kahawa akanimiminia kikombe bila kusema neno, na hilo lilinichoma kuliko angecheka.

Toka Sokoine Drive hadi Samora ni dakika chache kwa miguu, na nilikuwa nimepita mbele ya duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) miaka sita bila kuingia. Niliingia mchana mmoja kukwepa jua. Siwezi kusema nilitoka nimebadilika, nilitoka na vitabu viwili na salio limekatika. Lakini pale ndipo nilipoanza kuona kwamba uchambuzi wa namna hii si kitu cha kuagiza kwa meli. Mlimani hapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1969, wanafunzi walikuwa na jarida lao, Cheche, likapigwa marufuku mwaka 1970, wakaanzisha jingine wakaliita MajiMaji. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa akifundisha chuo hichohicho. Profesa Issa Shivji, aliyekuwa mwanafunzi wakati ule, ndiye aliyekuja kukalia kwanza Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha uprofesa cha hapo chuoni, kilipoanzishwa mwaka 2008. Na ni mtu anayeandika Kiswahili kinachosomeka, jambo ambalo wasomi wetu wengi wanaliona kama adhabu.

Kilichonisaidia kuliko vyote, hata hivyo, si kitabu. Ni Mabibo.

TGNP, Mtandao wa Jinsia, wana semina zao za Jumatano alasiri, jirani na Chuo cha Usafirishaji. Mlango uko wazi kwa yeyote. Dada mmoja wa ofisini ndiye aliyeniambia, nami nikaenda Juni 2024, wiki ya bajeti, nikijua nitakuta wanawake wanazungumzia mambo ya wanawake. Sina pa kuficha ujinga huo. Nilikaa kiti cha nyuma karibu na mlango ili nitoke mapema.

Akasimama mama mmoja kutoka Kipunguni, kanga begani, mkononi daftari la shule la kurasa arobaini. Bajeti ya mwaka ule ilikuwa trilioni 49.35, kila redio iliitaja namba hiyo asubuhi. Yeye hakuanza na trilioni. Alifungua daftari akasoma wakunga wangapi walikuwa zamu ya usiku kwenye zahanati ya kwao, siku gani dawa zilikwisha, mjamzito alitakiwa kuja na nini mkononi. Wembe, glovu, pamba, mpira wa kulalia. Alikuwa na bei ya kila kimoja. Halafu akasema, taratibu tu, "Sasa naomba mnisaidie. Kwenye zile trilioni, glovu zangu ziko fungu la ngapi?"

Fungu la ngapi! Nilimwona baba mdogo kabisa.

Watu wakafungua vitabu vya bajeti. Wengine walikosea, wakasahihishwa, hakuna aliyeulizwa kalipwa ngapi. Sikutoka mapema. Nilikosa daladala ya saa kumi na mbili, nikafika nyumbani saa tatu usiku nikalala bila kula.

Kuanzia hapo nikapunguza vyombo badala ya kuongeza. Zile akaunti sitini zikabaki saba. Kipimo changu ni chepesi: mtu anayetaja alikolitoa jambo, akakuachia njia ya kwenda kusoma mwenyewe, namweka; na akishakosea akakiri, huyo simwachi. The Chanzo, chombo cha habari cha mtandaoni, nawasoma na kuwasikiliza, kwa sababu wanamwacha mtu azungumze mpaka amalize na wanaandika lugha zote mbili. Podikasti nashusha kwa waifai ya ofisi (bosi akisoma hapa, nisamehe) na kuzisikiliza njiani, kwa hiyo bando langu ni la meseji tu. Gazeti tunanunua kwa zamu kijiweni, watu wanne, kila mmoja siku yake. Anayenunua ndiye anayesoma kwa sauti, na hii imetuondolea ile tabia ya kusimama mbele ya meza ya magazeti kusoma vichwa vya habari na kuondoka tumejua kila kitu. Magazeti yenyewe tunayathamini. Mwaka 2017 MwanaHalisi na Mawio yalifungiwa miaka miwili miwili, Raia Mwema na Tanzania Daima siku tisini tisini, na MwanaHalisi na Mawio hayakuruhusiwa tena mpaka Februari 2022. Aliyekaa muda wote huo bila gazeti analolipenda halifungii maandazi haraka.

Aprili ni mwezi wangu wa ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Katiba, ibara ya 143, inataka imfikie Rais kisha iende bungeni, na baada ya hapo inapatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Siisomi yote, nani anaweza? Nachukua sura moja, ya mashirika ya umma, kwa sababu hapo ndipo kazi yangu inapokutana na fedha za nchi. Taarifa rasmi za Bunge, zile Hansard, nazo ziko mtandaoni kwa Kiswahili, na tangu TBC ilipoacha kurusha vikao moja kwa moja Januari 2016 hizo ndizo macho yangu. Zinachosha. Kuna kurasa kumi za shukrani kabla mbunge hajafika kwenye barabara ya jimboni kwake. Mimi naruka mpaka pale Mwenyekiti anaposema "muda wako umekwisha", narudi nyuma aya mbili, nakuta alichotaka kusema.

Mtambo wangu huu wote ulizimika Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Mtandao wa X ulikuwa umefungwa tangu Mei. Siku hiyo ikaondoka intaneti nzima. Nilikuwa Temeke, nimepita kumjulia hali baba mdogo, na jioni likatangazwa katazo la kutoka nje. Nikabaki kwake siku kadhaa. Nje tulisikia milio ambayo sitaieleza hapa.

Usiku wa kwanza alichukua redio yake ya betri akazungusha kitufe kwa mazoea mpaka pale alipoizoea VOA Kiswahili. Ikakoroma tu. Ilikuwa imenyamaza tangu Machi, alikuwa anajua, lakini kidole hakijui. Akasogea taratibu mpaka akapata sauti ya Kiswahili kutoka mbali, ikija na kupotea, tukaegemea wote wawili kama watu wanaoota moto. Kwenye simu nilikuwa na ripoti na Hansard nilizokwisha kushusha. Nilimsomea mpaka akasinzia.

Usiku wa tatu nikakumbuka kijitabu kilichokuwa kwenye begi langu tangu Agosti. Nilikinunua Posta kwa muuza vitabu vya mitumba, kimepoteza jalada, pembe zimeliwa na mende. Mwongozo wa TANU. Nilikuwa nimemwekea zawadi nikasahau. Akakipapasa, akakinusa, akanirudishia.

"Nisomee ya kumi na tano. Macho haya hayawezi maandishi hayo."

Nikasoma. Majivuno, makuu, dharau, uonevu, yote yamo. Nikafika mwisho wa ibara, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu. Nikairudia kimya kimya kutoka juu.

"Vipi, umekwama?"

"Baba, hapa hakuna pa kumfungia meneja geti. Inamkataza kiongozi, lakini haisemi mfanyakazi afanye nini."

Redio ilikuwa inakoroma chinichini. Akanyoosha mkono akaizima.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole, neno kwa neno. Akasikiliza huku amefumba macho, kidole kinahesabu kwenye goti. Miaka hamsini na nne alikuwa ameibeba ibara hiyo.

"Haipo?"

"Haipo, baba."

Akakaa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko.

"Basi hiyo tuliongeza wenyewe."