Mbalamwezi naandika, giza nauza

Mwanzoni nilikuwa nawaandikia wateja nikijisikia. Wiki moja kundi letu la WhatsApp linapata picha za dagaa kila asubuhi, zote zinafanana, halafu kimya mwezi mzima. Mama mmoja wa Dodoma akaniuliza, "Mwanangu, bado unauza au umeolewa?" Nilicheka, ila iliniuma.

Uvivu haukuwepo. Dagaa wakijaa ndipo nina ya kusema, na ndipo sina hata nafasi ya kula: alfajiri niko mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, napatana bei, mchana nageuza dagaa chanjani, kwenye kichanja cha kuanikia, jioni nafunga mizigo ya basi. Nikipata nafasi, dagaa hakuna, na mimi naona sina cha kuandika.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa kila mwezi. Siku moja ya namna hiyo nilimkuta mzee mmoja akishona wavu, nikamlalamikia kwamba leo sina kazi. Akanijibu bila kuinua macho, "Mimi ninayo. Wewe nyavu zako zote nzima?"

Nikanunua daftari. Siku za mbalamwezi nikazifanya za kuandika, za giza ni za kutuma tu. Kila mbalamwezi naandaa jumbe nane, na kila wiki zinatoka mbili, Jumanne na Ijumaa jioni. Nilianza na nne kwa wiki, mwezi haukuisha nikawa hoi.

Cha kuandika sikitafuti kichwani. Nyuma ya daftari nanakili kila swali la mteja kwa maneno yake mwenyewe. "Mbona wana mchanga?" lilirudi mpaka likanichosha. Nikapiga picha mbili: dagaa walioanikwa chini ufukweni, na wangu juu ya chanja, maji yakichuruzika kupitia wavu. Nikaeleza kwa nini wa chanja wamezidi bei kidogo. Ujumbe ule uliniletea oda nyingi kuliko picha zangu zote za magunia. Kuna mwingine niliuokota mtandaoni, eti dagaa wanatibu sijui nini. Mteja ambaye ni muuguzi akanifuata pembeni kuuliza nimeyatoa wapi. Niliufuta siku hiyo hiyo.

Uvuvi ziwani uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, nilidhani daftari limeisha kazi. Kumbe ndipo lilipofaa. Niliwatangulizia habari ili wenye kutaka akiba wachukue, nikaeleza namna ya kuwatunza wasiote ukungu, kisha namna tunavyowaunga kwa mawese huku Kigoma. Watu wakaanza kuulizia mawese yenyewe! Nikayatafuta, nikauza. Mama wa Dodoma alichukua dumu la lita tano, na hakuniuliza tena habari za kuolewa.

Jana mwezi ulikuwa mpevu. Nimeandika sita, na ya saba imekwama kwenye swali la mteja wa Tabora: awatoeje uchungu bila kuwakata vichwa? Mimi huwa nawakata. Nitampigia mama yangu Ujiji nimsikie kwanza.