Mfereji wa Marangu kwenye spika

Jana jioni, hapa Moshi, mdogo wangu alituita sebuleni tusikilize kipande alichotunga. Nikaja na sahani yangu ya machalari kabisa, nikijua ni yale mambo yake ya kompyuta.

Walikuwa wawili tu: binti mmoja wa kwaya na fidla yake, na yeye na laptopu. Fidla ikatoa noti moja ndefu. Maikrofoni inaidaka, kompyuta inairudisha baada ya sekunde chache ikiwa imekatwakatwa, imeshushwa mpaka nzito kama tarumbeta za kanisani. Halafu chini yake nikasikia maji. Jamani, niliyajua maji yale! Ni mfereji wa kwa babu, Marangu. Krismasi alichuchumaa pale na simu akirekodi, tukamcheka kwamba anatafuta pete.

Mama akanong'ona, "Sasa hapa tunapiga makofi lini?"

Nilidhani haya ya kutunga muziki kwa sauti zilizorekodiwa ni ya Wazungu. Kumbe Halim El-Dabh, Mmisri, mwaka 1944 alirekodi zari, ngoma ya kupunga pepo, pale Cairo kwa mashine ya kunasa sauti kwenye waya, akaenda kuzichezea sauti zile studio. Pierre Schaeffer wa Ufaransa alianza yake 1948.

Basi, katikati ya kipande umeme ukakatika. Spika kimya. Yule binti hakuacha, akaendelea na fidla peke yake gizani, na mimi hapo ndipo niliposisimka kuliko kote.

Nimemwambia hivyo mtunzi. Amenuna mpaka sasa hivi.