Kiwanja cha bichi Kigamboni kimenikumbusha Benidorm

Jumamosi dalali kanipeleka Kigamboni kuona kiwanja, cha bichi kabisa, hati ipo, bikoni zipo. Tumefika nakuta jirani kashusha ukuta wa tofali mpaka kwenye mchanga, na mama mmoja ana ndoo ya pweza kichwani anauzunguka huo ukuta kwa kuingia baharini, kanga kaipandisha magotini, maji yanamgonga, maana njia aliyopita miaka yote imezibwa. Nilisimama pale nikaiwaza Benidorm.

Dada yangu anafanya usafi hotelini huko, Hispania, mkoa wa Alicante, na Novemba mwaka jana nilikaa kwake wiki mbili. Watu wakisikia ghorofa za Benidorm wanadhani mji umezaliwa na watalii, kumbe wale walikuwa wavuvi haswa, wanavua jodari kwa mtego wa nyavu unaoitwa almadraba, kama wando wetu tu ila mkubwa mno, na jina lenyewe ni la Kiarabu, mzizi mmoja na dharuba yetu. Manahodha wa mitego wa Benidorm walikuwa wanaitwa kufanya kazi pwani nyingine mbali na kwao. Jodari wakapungua, kijiji kikaanza kutafuta pengine pa kushika.

Hapo ndipo anaingia meya Pedro Zaragoza. Wengi wanamkumbuka kwa bikini, kwamba aliruhusu zivaliwe wakati kanisa limekasirika, akapanda pikipiki yake ya Vespa mpaka Madrid kumuona Franco, dikteta wa nchi wakati huo. Sawa, lakini kwangu kazi yake kubwa ni ramani ya mwaka 1956. Mji ulipangwa kabla haujajengwa! Barabara pana, nafasi iachwe kati ya jengo na jengo, na baadaye ramani ikarekebishwa ghorofa ziende juu badala ya kutambaa chini. Ndiyo maana leo mtu wa nyumba ya nyuma naye anapata upepo, na kutoka kwa dada mpaka ufukwe wa Levante ni dakika kumi kwa mguu, hakuna geti, hakuna mlinzi wa kukuuliza unaenda wapi. Sheria yao ya pwani ya 1988 imeshika hapohapo, ufukwe ni wa umma, huuziwi hata uwe na hela vipi.

Na hicho ndicho kinachouza fleti, mimi nimeamini hivyo. Unanunua vyumba viwili ghorofa ya tisa ila bahari yote unayo, na wazee wa Kiingereza wanakuja kukaa miezi ya baridi, kwa hiyo hata Novemba mji una watu, niliwakuta asubuhi wanatembea kando ya bahari na mashati ya mikono mifupi. Mgeni anaruhusiwa kumiliki moja kwa moja, anachukua NIE, namba ya utambulisho ya wageni, anasaini mbele ya notari, yule mwanasheria wa kuthibitisha mikataba, jina linaingia kwenye daftari la mali, halafu kila mwezi anachangia lifti na usafi wa jengo. Zamani ukinunua ya euro 500,000 ulipata na kibali cha ukaazi, mpango huo umefutwa Aprili 2025, sasa unanunua nyumba tu.

Sio kila kitu kimewanyookea. Mwaka 1978 maji yaliisha mpaka yakaletwa kwa meli, mji wa hoteli huo! Na lile jengo la minara miwili, Intempo, lilikwama kwenye msukosuko wa uchumi likabaki pagala miaka na miaka, limekuja kumalizika 2021. Aliyetoa hela kabla jengo halijasimama alisubiri sana.

Sasa sisi sheria tunayo, ya mazingira ya 2004, mita 60 kutoka baharini zisiguswe. Nilimuuliza dalali mita 60 ziko wapi hapa, na yule mama atapita wapi mimi nikijenga. Akanijibu, "Bosi, wewe lipia kwanza, njia itatafutwa."

Inaniuma kwa kweli, pwani ni yetu wote na tunaikata vipande. Leo asubuhi kapiga tena, anasema kuna mteja mwingine kafika bei. Nimemwambia ampe.