Ninavyosaka odi zenye thamani kwenye AFL

Kwenye AFL, ligi kuu ya mpira wa Australia, ubao wa matokeo hudanganya kuliko kwenye soka tuliyoizoea, na thamani ninayoipata, yaani odi inayolipa kuliko nafasi halisi ya timu, karibu yote inatoka hapo. Mpira ukipigwa teke ukapita kati ya nguzo mbili ndefu ni goli, pointi 6. Ukigusa nguzo ndefu, au ukapita kati yake na nguzo fupi ya pembeni, ni pointi 1 tu. Timu inaweza kufika langoni mara nyingi kumzidi mpinzani na bado ikapoteza. Wiki inayofuata wabetaji wengi wanaangalia nani alishinda, na odi inasogea kuwafuata.

Matokeo huandikwa magoli kwanza, kisha pointi za pembeni, kisha jumla. Chukua fainali ya 2008: Hawthorn 18.7 (115), Geelong 11.23 (89). Ukihesabu juujuu, Geelong walifika mara 34 na Hawthorn 25, utasema Geelong walikosa bahati tu. Lakini 11 kati ya zile 23 za Geelong zilitolewa na mabeki wa Hawthorn wenyewe, kwa kuusukuma mpira nje ya mstari wao ili kujiokoa. Ukiziondoa, Geelong wanabaki na mashuti 23. Mwaka 2009 sheria ilibadilishwa na kufanya hivyo kwa makusudi kukawa ni faulo, ila mabeki wakibanwa bado wanausukuma. Kwa hiyo usihesabu mashuti kabla hujaondoa pointi za kusukumwa. Kosa hili ndilo linaloharibu hesabu za wanaoanza.

Mashuti yanayobaki nayazidisha kwa 3.8, wastani ninaoutumia kwa kila shuti. Nafanya hivyo kwa mechi sita za mwisho za kila timu, natoa ya wapinzani wake, napata tofauti ya pointi ambayo timu ilistahili. Mashuti ya pembezoni kabisa mwa uwanja nayapunguzia thamani, maana timu inayopiga kutoka huko kila wiki haina mkosi, inazuiwa vizuri.

Halafu uwanja. Usimpe mwenyeji pointi kwa sababu ratiba imemwita mwenyeji. Klabu kadhaa za Melbourne zinatumia uwanja wa MCG kwa pamoja, na zikikutana pale hakuna aliye ugenini; natoa sifuri. Timu ya Melbourne ikisafiri kwenda Perth, mwendo wa ndege wa saa nne hivi, namwongezea mwenyeji pointi 10.

Tuseme hesabu imenipa mwenyeji kushinda kwa pointi 15, na soko lina odi 1.62 kwa mwenyeji na 2.30 kwa mgeni. Gawa 1 kwa kila odi, ujumlishe: 0.617 na 0.435 ni 1.052. Ile 0.052 ni faida ya kampuni. Gawa 0.617 kwa 1.052, soko linampa mwenyeji asilimia 58.7. Kwa mtawanyiko wa pointi 36 (kiasi ambacho matokeo huachana na makadirio), hiyo ni sawa na kushinda kwa pointi 8. Hapa sikimbilii 15 yangu. Soko linajua mengi nisiyoyajua, kwa hiyo nakaa katikati, 11.5. Kwenye lahajedwali, NORMSDIST(11.5/36), kanuni inayogeuza pointi kuwa nafasi ya kushinda, inatoa asilimia 62.5. Odi ya haki, yaani 1 gawa kwa 0.625, ni 1.60.

Kwa 1.62 faida ni asilimia 1 tu, naiacha. Kampuni nyingine ikiwa na 1.70, 0.625 mara 1.70 ni 1.0625, na hapo naingia. Ndiyo maana akaunti moja haitoshi: mechi ileile, kampuni moja haina kitu, ya pili ina asilimia 6.

Dau: gawa faida, 0.0625, kwa odi ukitoa 1, yaani 0.70, unapata asilimia 8.9 ya mtaji. Naweka robo yake, asilimia 2.2, kwa sababu hata makadirio yangu yana makosa. Siungi mechi nyingi kwenye mkeka mmoja, maana faida ya kampuni inajizidisha kwa kila mechi unayoongeza.

Kabla ya kulipia naangalia orodha ya wachezaji. Mrukaji wa kati (anayegombea mpira unaporushwa juu) au mfungaji mkuu akiwa ametoka, odi inayoonekana nono huwa ni ya jana tu. Mvua nayo hupunguza jumla ya pointi kwenye viwanja vya wazi, ila Docklands, uwanja mwingine wa Melbourne, kuna paa linalofungwa. Haya yote lazima yaishe kabla mpira haujarushwa, kwa kuwa sheria ya Australia ya 2001 inazuia kubeti mtandaoni mechi ikiendelea.

Kwenye daftari naandika odi niliyochukua na odi ya mwisho kabla ya mechi kuanza. Nikichukua 1.70 ikafunga 1.60, beti ilikuwa nzuri hata mkeka ukichanika. Mechi 100 zikipita na odi zangu haziishindi ya mwisho, nasimamisha pesa na kurudi kwenye zile mechi sita.