Umeme wa mto usio na bwawa: anzia kwenye banio, si kwenye mashine

Ukitaja umeme wa maji hapa Mombasa, mtu huwaza Masinga: ukuta mkubwa na ziwa nyuma yake. Mtambo wa maji yapitayo hauna ziwa la kuweka akiba ya msimu. Sondu Miriu, megawati 60, ni wa aina hiyo. Maji yakitoka pale huingia Sang'oro yakazalisha megawati 21 nyingine. Mto ukipungua hakuna pa kufungulia, na ndipo mitambo kama ya Kipevu, inayochoma mafuta mazito, huhitajika zaidi.

Basi mto upimwe kiangazi. Kwa mtambo mdogo wa mlimani, zidisha maji (mita za ujazo kwa sekunde) kwa anguko (mita) kwa 9.81, jibu ni kilowati. Lita 200 kwa sekunde zikianguka mita 50 ni kilowati 98. Bomba, turbini na jenereta zikishakula chao, tuseme umebaki na asilimia 65, yaani kama 64. Februari mto ukishuka hadi lita 60, una 19 tu, na hapo hujawaachia maji samaki wala majirani wa chini. Aliyepima Mei amenunua mashine ya kukaa bure.

Njia ya maji ni fupi kuieleza: banio (kizuizi kidogo mtoni kinachoelekeza maji pembeni), wavu wa vyuma, bwawa dogo la kutulizia mchanga, mfereji, tangi la juu, bomba la shinikizo, turbini, kisha mtoni tena.

Pesa yangu ya kwanza ingeenda kwenye lile bwawa dogo. Lijengwe pana kiasi cha mwendo wa maji kushuka hadi kama sentimita 20 kwa sekunde, ili punje zizame, na liwe na lango la chini la kuzisukumia nje. Mchanga wa milimani una chembe ngumu za kwazi, na kwa anguko kubwa hula vikombe vya turbini ya Pelton, gurudumu la vikombe linalopigwa na maji ya kasi, kama msasa. Wauzaji wa mashine hawalitaji sana hili.

Wavu nao huziba kwa majani. Maji yakikatika juu huku bomba linaendelea kumwagika chini, ndani hubaki ombwe na bomba la chuma lenye kuta nyembamba hubonyea kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa. Dawa yake ni bomba la kupumulia la kuingiza hewa, wazi juu, karibu na tangi. Upande wa chini kosa ni kufunga vali ghafla: anguko la mita 50 ni shinikizo la kama ba 5 maji yakiwa yametulia, lakini yakikatizwa kwa mshtuko shinikizo laweza kupanda maradufu au zaidi na viungo vikapasuka. Vali ya gurudumu, izungushwe taratibu.

Mvua kubwa ikinyesha na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa, funga lango la banio hadi maji yatakate. Saa chache za giza ni nafuu kuliko kubadilisha turbini.